Ukanda wa Kahawia Mpakani: kisa cha majirani wawili na nyasi zao

## Kwa nini ninakiandika

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu nikiwa mjumbe wa kamati ya wakazi katika kitongoji cha pembezoni mwa mji, mahali ambapo nyumba zimepangwa kwa mstari na kila moja ina bustani ya nyasi mbele inayotazama barabara. Majina, mahali na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimekiondoa, na wote wawili wameridhia kisa chao kiandikwe. Nitawaita Wa Juu na Wa Chini, kwa sababu kiwanja cha mmoja kimeinuka kidogo kuliko cha mwenzake. Mteremko wenyewe hauzidi nusu mita, lakini asiyeujua hataelewa lolote katika yatakayofuata.

Ninawaandikia wenzangu wanaoitwa kusuluhisha majirani. Wengi wetu tukisikia watu wazima wanagombania nyasi tunaona ni jambo dogo. Tunawakalisha, tunawasihi wapeane mikono, tunaondoka. Mimi nilianza hivyo hivyo na nikapoteza miezi miwili ambayo watu hawa waliitumia kuumizana zaidi. Nimeyaeleza makosa yangu kwa kirefu kuliko mafanikio kwa sababu ndiyo yaliyonifundisha.

## Wahusika na viwanja vyao

Wa Juu ni mzee aliyestaafu, anaishi peke yake, na asubuhi zake nyingi huzimalizia bustanini. Wa Chini ni mama wa makamo mwenye watoto wawili, anayetoka alfajiri na kurudi jioni. Walikuwa wamekaa jirani miaka sita bila neno. Mama alimwamkia mzee "Shikamoo", mzee akaitikia na kumwita "binti yangu". Msomaji ashike jinsi walivyoitana, maana nilichelewa sana kugundua kwamba ndicho kipimo nilichopaswa kukitazama tangu siku ya kwanza.

Bustani zao zinakaribiana kwa ukubwa, kama mita za mraba 150 kila moja. Kati yao hapakuwa na uzio wala michongoma. Alama pekee za mpaka zilikuwa bikoni mbili zilizokwisha kufunikwa na majani.

Nyasi zenyewe ni za aina mbili tofauti kabisa. Wa Juu alipanda ukoka, Cynodon dactylon, wenye majani membamba, unaopenda jua kali na kukatwa chini, kati ya sentimita 2 na 4. Ukoka una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine yanayopita ndani ya udongo, kwa hiyo hata ukikwanguliwa mpaka udongo ukaonekana, utachipua tena kutoka chini. Wa Chini alirithi kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani nyasi za majani mapana, Stenotaphrum secundatum, zinazotaka kuachwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Hizi hutambaa juu ya ardhi tu. Ukizikata chini sana umezinyang'anya majani yote, na hazina akiba udongoni ya kuanzia upya.

Kwa hiyo hata siku ambayo bustani zote mbili zimekatwa vizuri, mpakani kunabaki ngazi: huku zulia fupi, kule nyasi zinazofika juu ya kifundo cha mguu. Kwa jicho la mtu wa ukoka, kule chini siku zote hakujakatwa.

## Yaliyotokea

Ilianza kwa wema. Wa Chini alisafiri wiki mbili, nyasi zake zikarefuka. Wa Juu, akikata zake, aliona si vibaya kumsaidia binti yake. Akaivusha mashine mpakani na kukata ukanda wa kama mita moja na nusu upande wa pili, kwa urefu ule ule wa ukoka wake, sentimita mbili na nusu. Alikuwa na nia ya kuendelea mpaka mwisho, mafuta yakamwishia.

Kanuni inayojulikana na kila mtunza nyasi ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkato mmoja. Nyasi za Wa Chini zilikuwa na sentimita 9 au zaidi. Alizipunguza kwa karibu robo tatu. Mama aliporudi alikuta ukanda wa kahawia umechorwa kando ya mpaka wote, mashina yamebaki matupu kama kamba.

Hakumuuliza. Alichukua vijiti vinne na kamba ya manjano, akaivuta kamba ile kutoka bikoni hadi bikoni.

Asubuhi mzee alipoiona kamba, kama alivyokuja kuniambia baadaye, alihisi amefungiwa mlango usoni. Amesaidia, na malipo yake ni kuwekewa mpaka kama mwizi. Kwamba mkato wake ungeweza kudhuru hakuamini hata kidogo, na hakuwa anajitetea: nyasi anazozijua yeye hukatwa hivyo hivyo na wiki ya pili zimerudi. Ukanda ule ulipobaki wa kahawia kwa wiki saba, alihitimisha kwamba mama anauacha makusudi usimwagiliwe, ili wapita njia waone.

Mama akanunua mashine. Alikuwa akimlipa kijana kukata mara moja kwa wiki mbili. Sasa akakata mwenyewe kila Jumamosi saa 12 asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Mzee, aliyezoea kulala mpaka jua litoke, akaanza kukata Ijumaa jioni ili Jumamosi yake iwe imekwisha kupendeza. Baada ya mwezi mzee alikata mara tatu kwa wiki. Akanunua mashine yenye rola nyuma, ile inayolaza nyasi na kuacha milia ya mwanga na kivuli. Milia hiyo haina rangi yoyote: majani yaliyolala kukuacha yanarudisha mwanga na kuonekana meupe, yaliyolala kukuelekea yanaonekana meusi. Lakini kwa mama aliyeitazama kila jioni akirudi amechoka, ilikuwa tangazo lililoandikwa kwa ajili yake.

Ndipo ikaja mbolea. Mzee alinunua mfuko wa kilo 10 wa yurea na kuumwaga wote kwa mkono, jioni, nyasi zikiwa na umande. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni, maana yake alitia kilo 4.6 za naitrojeni kwenye mita za mraba 150, yaani gramu 30 hivi kwa kila mita ya mraba. Kiwango cha kawaida kwa mara moja ni kama gramu 5. Kilo moja na nusu ya mfuko ule zilimtosha. Punje zilizonata kwenye majani yenye unyevu ziliunguza mabaka ya ukubwa wa sahani. Usiku wa pili mvua kubwa ikanyesha, sehemu ya mbolea ikateremka na maji, na baada ya siku kumi bustani ya Wa Chini ilikuwa na mstari wa kijani kibichi kando ya mpaka, mahali pale pale palipokuwa na kahawia.

Tazama jinsi kila mmoja alivyousoma mstari huo. Mzee aliona kwake mabaka yaliyokufa na kwa jirani nyasi zilizonawiri kuliko wakati wowote, zote katika wiki moja, akaamini mama amemwagia kitu. Mama aliona nyasi zake zimerudi baada ya wiki saba za kumwagilia kwa ndoo usiku na akaamini ni jasho lake, tena kwamba mzee anaumia kuona hivyo. Mbolea ya mzee ndiyo iliyokuwa imemlishia jirani nyasi, na hakuna aliyelijua hilo.

Mzee akaongeza maji, kila usiku, kinyunyizio kikizunguka mpaka alfajiri. Nyasi za namna hii zikipata milimita 25 kwa wiki zinatosheka, na kwa bustani ya ukubwa ule hizo tayari ni lita 3,750. Yeye alikuwa mbali sana juu ya hapo. Maji yaliteremka. Majani ya Wa Chini, yaliyonona kwa naitrojeni na kulala mabichi usiku kucha, yakashikwa na ukungu. Mabaka yakatokea upande wake. Safari hii mama ndiye aliyeamini amemwagiwa kitu.

Matukio mawili ya mwisho ndiyo yaliyoleta barua kwenye kamati. La kwanza: mchana mmoja wa joto na upepo mzee alipuliza dawa ya magugu yenye 2,4-D. Dawa hiyo huua mimea ya majani mapana isiyo ya jamii ya nyasi na kuacha ukoka, na inapopulizwa juani penye upepo matone yake huruka, huku baadhi ya aina zake zikigeuka mvuke na kusafiri. Mawaridi ya mama, yaliyo hatua nne kutoka mpakani, yalikunja vichipukizi vyake kama vidole vya mtu aliyeshikwa na ganzi. Alikuwa ameyapanda na marehemu mama yake. La pili: wiki tatu baadaye mama alipiga mstari mwembamba wa glaifoseti, dawa ya kuua majani, kwenye ukoka uliokuwa umevuka na kutambaa ndani ya nyasi zake. Alipiga upande wake tu, upana wa kiganja. Lakini glaifoseti hunywewa na majani na kupelekwa mpaka kwenye mizizi, na shina la ukoka ni moja pande zote mbili za mpaka. Baada ya siku kumi na mbili ukoka wa mzee ulikuwa umekauka ndani ya kiwanja chake hata urefu wa mkono. Akaiandikia kamati kwamba jirani ameingia kwake usiku na sumu. Barua ya mama kuhusu mawaridi ilikuwa imefika siku mbili kabla.

Katika barua hizo, mzee alimwita "huyo jirani". Mama aliandika "mkazi wa upande wa juu".

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kuwakutanisha mezani. Nilifanya hivyo kwa sababu ndivyo tunavyofanya siku zote, na kwa sababu niliogopa kwamba nikimtembelea mmoja kwanza, mwingine ataona nimeegemea upande. Nilimpa kila mmoja dakika kumi. Mama alileta picha. Mzee alileta mfuko wa plastiki wenye nyasi zilizokauka. Kila picha ilijibiwa na jani, na kila jani likajibiwa na picha nyingine. Ndani ya nusu saa walikuwa wamejua tuhuma ambazo kabla ya hapo hawakujua kwamba wanatuhumiwa nazo. Mzee aliposikia kwamba anadaiwa kuua mawaridi ya kumbukumbu ya marehemu, alisimama na kutoka. Alikuwa akilia, na mimi nikadhani ni hasira.

Uamuzi wa pili ulikuwa ratiba. Nilipendekeza siku za kukata nyasi, saa za kumwagilia, na marufuku ya dawa zote kwa miezi mitatu. Wote walitia saini, tena haraka, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Walifuata ratiba kwa ukamilifu wa kutisha. Mmoja akichelewesha mashine dakika tano baada ya muda ulioruhusiwa, mwenzake alinipigia simu. Nilikuwa nimewapa uwanja mpya wa kushindania, nao ulikuwa utiifu. Ratiba niliifuta mwenyewe baada ya wiki tano, nikawaeleza kwa nini.

Baada ya hapo nilikaa kimya siku kadhaa, kisha nikaenda kwa kila mmoja peke yake. Sikukaa sebuleni. Niliomba tutembee bustanini, na nilimchukua mtu wa tatu, mtunza viwanja wa shule aliyestaafu, ambaye hakujuana na yeyote kati yao. Yeye hakuambiwa kisa. Aliombwa tu aeleze anachokiona chini ya miguu yake.

Daftari langu la siku hizo mbili lina safu mbili. Ya kulia niliandika kilichofanywa na mtu, ya kushoto kilichofanywa na udongo, maji, jua au mmea wenyewe. Mabaka ya kuungua: mtu, kwa bahati mbaya. Mstari wa kijani: maji. Ukanda wa kahawia uliokataa kupona: mkato wa mtu, halafu asili ya nyasi. Ukungu: maji na mbolea. Mawaridi: mtu na upepo. Ukoka kukauka upande wa juu: dawa ya mtu, ikapelekwa na shina. Nilipomaliza, safu ya kulia haikuwa na jambo hata moja lililofanywa kwa nia ya kudhuru, ukiacha pengine saa 12 asubuhi za Jumamosi, ambazo mama mwenyewe alikiri kwamba zilikuwa na uchungu ndani yake.

Nilimpa kila mmoja nakala ya ukurasa huo akae nayo. Sikuwaita tena mezani. Niliomba kitu kimoja tu: jioni ya siku fulani kila mmoja asimame mahali ambapo mwenzake husimama, akitazama bustani yake mwenyewe kutoka kule.

Sababu yake ni hii. Mtu akisimama kwenye nyasi zake hutazama chini, na macho yakishuka wima hupenya kati ya majani yakaona udongo, mashina makavu, vipara. Akiinua macho kwa jirani anatazama kwa mshazari, majani yanapandiana na kufichana mapengo, na bustani yote inaonekana nene. Kila mtu analiona jeraha lake kutoka juu na zulia la mwenzake kutoka pembeni. Niliwahi kulieleza hilo kwa maneno kwenye mkutano wa kwanza na halikumgusa yeyote. Linahitaji miguu.

Mzee alisimama penye ngazi za mama kama dakika tano. Akatazama bustani yake kule juu, ambayo wiki nzima alikuwa akiniambia imeharibiwa. Akasema, "Kumbe huku ni kijani hivi." Mama naye, kutoka kibarazani kwa mzee, aliona mawaridi yake kwa mara ya kwanza jinsi yanavyoonekana kutoka pale, na akaona pia kiti cha mzee kimewekwa kikiyaelekea. Alimuuliza. Mzee akamwambia ndiyo, kila asubuhi ananywa chai akiyatazama, na kwamba siku ya mkutano alipotuhumiwa hakuweza kusema neno.

Mimi nilikuwa hatua chache pembeni. Mama alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kuhusu ule ukanda wa kahawia: ulikuwa ni wa nini, mzee wangu? Mzee akasema, "Nilitaka nikusaidie, mafuta yakaisha." Swali hilo lilikuwa limesubiri miezi kumi na tatu.

## Makubaliano na matokeo

Waliyokubaliana waliyapanga wenyewe, mtunza viwanja akiwasaidia kwa vipimo. Kando ya mpaka wote waliondoa nyasi upana wa sentimita 60, wakajaza kokoto. Upande wa ukoka walizika kizuizi cha plastiki ngumu kina cha sentimita 20, kikitokeza sentimita 5 juu, kwa sababu ukoka hupita chini na pia hupanda juu. Mzee alianza kugawa yurea yake kwa kupima, kilo moja na nusu kwa mara, na kumwagilia asubuhi mara mbili kwa wiki badala ya kila usiku. Anayetaka kupuliza dawa humjulisha mwenzake siku moja kabla, na hapulizi upepo ukivuma. Urefu wa nyasi haukuwekewa sharti. Hilo lilikuwa ombi la mzee.

Ukungu ulitoweka ndani ya mwezi. Ukoka uliokauka ulijifunika tena bila kupandwa. Mawaridi matatu kati ya saba yalikufa. Manne yalichipua vizuri msimu uliofuata. Mashine ya kukata nyasi husikika mara moja kwa wiki kila upande, na majani yaliyokatwa wote wawili huyaacha yaozee pale pale, kwani yanarudisha sehemu nzuri ya naitrojeni iliyotumika.

Miezi minne baadaye nilimsikia mama akimwamkia mzee kutoka getini. Mzee aliitikia "Marahaba", bila neno "binti". Hilo lilirudi baadaye kidogo, na sikulazimisha.

## Uchambuzi

Swali ninaloulizwa sana ni kwa nini watu wenye akili timamu wafikishane huko kwa ajili ya nyasi. Sehemu ya jibu iko kwenye nyasi zenyewe. Bustani ya mbele ni mali ya mtu mmoja lakini macho yanayoitazama ni ya watu wote. Kabla ya mwaka 1830, Edwin Budding alipobuni mashine ya kukata nyasi huko Uingereza, nyasi fupi zilihitaji mikono mingi yenye mundu au kundi la kondoo, kwa hiyo zilikuwa alama ya tajiri. Mashine iliifanya alama ile ipatikane na kila mwenye nyumba, na baada ya hapo kutokuwa nayo kukaanza kuonekana kama kasoro ya tabia. Katika Levittown, kitongoji kilichoanza kujengwa karibu na New York mwaka 1947, wakazi walitakiwa kwa masharti ya nyumba kukata nyasi kila wiki na walikatazwa kuweka uzio. Bila uzio, uvivu wa mmoja unaonekana umeingia kwa mwingine. Wa Juu na Wa Chini hawakuwa na masharti yaliyoandikwa, ila macho yalikuwepo.

Sehemu nyingine ni ukaribu. Leon Festinger, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika mwaka 1954 kwamba pale mtu asipokuwa na kipimo cha uhakika cha kujipima, hujipima kwa watu wanaofanana naye. Bustani nzuri haina kipimo cha uhakika, na hakuna anayefanana nawe kuliko aliye kwenye udongo ule ule, mvua ile ile, barabara ile ile. Ila katika kisa hiki ufanano ulikuwa wa juujuu. Aina ya nyasi ilikuwa tofauti, mteremko tofauti, kivuli tofauti. Walilinganisha vitu viwili visivyolingana na kila tofauti wakaipa maana ya mtu.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa. Mfululizo wote wa ugomvi ulijengwa juu ya mambo ambayo ardhi iliyafanya na mtu akashukiwa. Lewis Fry Richardson, mwanahisabati Mwingereza, alipochunguza mashindano ya silaha alionyesha jinsi kila upande unavyoongeza kwa sababu mwingine ameongeza, mpaka hakuna anayekumbuka mwanzo. Kwa majirani hawa kuna jambo la ziada: upande mmoja uliongeza hata pale mwingine alipokuwa hajafanya kitu, kwa kuwa mvua ilikuwa imefanya. Msuluhishi asiyejua tofauti ya ukoka na nyasi za majani mapana hawezi kuitenganisha mvua na jirani. Ningemwita mtunza viwanja wiki ya kwanza, nisingehitaji mkutano.

Lililofanya kazi, nadhani, ni kwamba ukurasa wa safu mbili ulimpa kila mmoja njia ya kuacha shutuma bila kukiri kushindwa. Mzee hakulazimika kusema "nilikosea kukushuku", alisema "kumbe shina ni moja." Utu uzima una haki ya kuhifadhiwa heshima, na ninaamini mzee asingerudi kama ningemtaka aombe radhi mbele yangu. Kubadilishana mahali pa kusimama kulifanya kazi kwa sababu kulifuata ukurasa ule. Kungetangulia, mama angeona kiti kilichoelekezwa kwenye mawaridi na kudhani ni cha kuyatazama akisubiri yafe.

Yaliyoshindikana ni ya kwangu zaidi. Kuwakutanisha mapema kuliwapa tuhuma mpya. Ratiba ilishughulikia saa na mashine huku chanzo kikiwa kamba ya manjano, ambayo haikutajwa katika barua yoyote. Sikuuliza ilianzaje, niliuliza tu nani amefanya nini. Na sikuusikiliza usemi wao. Mtu aliyeitwa "binti yangu" kwa miaka sita akigeuka "huyo jirani", hapo ndipo pa kuanzia.

Kuna jambo moja ambalo makubaliano yao hayakuligusa. Mama ana mti mkubwa karibu na mpaka, na kila mwaka kivuli chake kinasogea zaidi juu ya ukoka wa mzee. Ukoka haustahimili kivuli. Utapungua pale bila kujali maji wala mbolea, na nyasi za mama, zinazovumilia kivuli, zitazidi kunawiri upande wa pili. Nimeshawaambia wote wawili, na tumepanga kukutana pale watatu, saa 10 alasiri, kivuli kinapokuwa kimefika mbali.